Waziri Atakukana: Ufunguo wa Kuielewa Mission: Impossible ya Zamani

Mwanamume mwenye suti anaingia mahali pasipo na watu: kibanda cha picha, gereji iliyofungwa, ofisi siku ya mapumziko. Anafungua droo, anatoa bahasha na kinasa sauti kidogo, anabonyeza kitufe. Sauti ya mtu asiyeonekana inamwamkia kwa jina, inamsimulia habari za dikteta fulani au shehena fulani ya sumu, kisha inamtajia kazi anayotakiwa kuifanya, kama ataamua kuipokea. Mwishoni inaongeza: kama kawaida, wewe au yeyote katika kikosi chako akikamatwa au akiuawa, Waziri atakana kujua lolote kuhusu mliyoyafanya. Kanda hii itajiharibu yenyewe baada ya sekunde tano. Moshi unafuka.

Kila mtu anaukumbuka moshi. Mimi naona uzito uko kwenye maneno ya Waziri, na kwa maneno hayo nitajaribu kufungua mafundo yanayomkwaza mtu anayeitazama tamthilia hii kwa mara ya kwanza leo.

Mafundo yapo. Wengi wetu tuliijua Mission: Impossible kwa sura ya Tom Cruise, iwe kwenye kibanda umiza cha mtaani au kwenye DVD za kuazimana: mtu mmoja anakimbia, ananing'inia ghorofani, anaruka na pikipiki. Ukitoka huko ukaingia kwenye tamthilia ya mwaka 1966 unaweza kudhani umekosea mlango. Mbio ni chache, risasi ni chache. Nchi wanazokwenda hazimo kwenye ramani yoyote. Hujui kama kuna mwenye mke, mtoto au deni dukani. Mkuu wa kikosi wa msimu wa kwanza hayupo msimu wa pili, na hakuna mwenzake hata mmoja anayemuulizia. Kazi ikiisha hakuna medali wala pongezi. Wanapanda gari, gari linaondoka, picha inaganda.

Wapo wanaosema huo ni uzembe wa televisheni ya enzi hizo. Sikubaliani nao. Zipo sababu za studio, na nitazitaja, lakini ndani ya hadithi yenyewe mambo hayo yote yanafuata ahadi moja ambayo serikali imewapa watu wake: ukikamatwa, hatukujui.

Kikosi cha watu wa pembeni

Mtunzi wake ni Bruce Geller. Alitengeneza tamthilia hii chini ya Desilu, kampuni iliyoongozwa na mchekeshaji Lucille Ball, na CBS ikaanza kuirusha tarehe 17 Septemba 1966, siku tisa tu baada ya Star Trek, ambayo nayo ilitoka kampuni hiyohiyo. Ilikwenda misimu saba, sehemu 171, hadi Machi 1973. Muziki wake, ambao hata asiyeijua tamthilia anaweza kuupiga mluzi, ni wa Lalo Schifrin, Muargentina aliyeuandika kwa mapigo matano badala ya manne. Ukisikiliza mpigo wake, mirefu miwili na mifupi miwili, unapata herufi M na I za Morse, ile alfabeti ya milio ya simu za upepo.

Geller alikuwa amevutiwa na filamu ya 1964 iitwayo Topkapi, inayohusu kundi la watu wanaokwenda kuiba jambia lenye vito kwenye jumba la makumbusho la Istanbul, kila mmoja na ufundi wake. Hilo tuliweke kichwani. Miaka hiyo kila kituo kilikuwa kinamtafuta James Bond wake wa televisheni. Geller yeye alianzia kwa wezi.

Ndiyo maana mkuu wa kikosi hachagui maofisa. Anakaa kwenye kochi nyumbani kwake, anafungua jalada, anapitia picha na kutenga anazozitaka. Cinnamon Carter ni mwanamitindo. Rollin Hand ni mwigizaji na bingwa wa kujibadilisha sura. Barney Collier ana kampuni yake ya vifaa vya elektroniki. Willy Armitage ni mnyanyua vyuma. Mara nyingine anaongezwa daktari, mfuga wanyama au kundi zima la waigizaji wa jukwaani. Hakuna anayeonekana akienda kazini kwenye jengo la serikali. Kikosi chenyewe kinaitwa IMF, yaani Impossible Missions Force, herufi ambazo kwa mtu aliyekulia Afrika Mashariki miaka ya 1980 zina maana nyingine kabisa, Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti mengine kabisa.

Sasa usome uteuzi huo ukiwa na ile sentensi mkononi. Mwanamitindo akikamatwa kwenye kasri la dikteta, Washington itasema nini? Itasema ni mwanamitindo. Mfanyabiashara wa elektroniki akikutwa ndani ya bomba la hewa chini ya benki kuu ya nchi ya watu? Mhalifu wa kawaida, mshtakini. Mtu wa pembeni anakanika. Mwenye cheo, pensheni na faili la utumishi hakaniki.

Na hapo ndipo unapopata sababu ya kutokuwepo kwa maisha ya nyumbani. Geller alikuwa mkali sana kwa waandishi wake: hakutaka mapenzi ya wahusika, wala makovu ya utotoni, wala mazungumzo ya roho. Alitaka mtazamaji aone kazi inavyofanyika. Kama uamuzi wa kisanii unaweza kuulaumu, na waigizaji wenyewe wangekuwa na haki ya kulalamika. Kama picha ya watu ambao serikali yao imekwisha kuapa kutowajua, unakaa sawasawa.

Kumwingiza mtu mjini

Fundo la pili ni mipango yenyewe. Watu huichoka tamthilia hii kwa sababu hawaelewi kinachoendelea, na hawaelewi kwa sababu wanasubiri kuelezwa. Hawataelezwa. Baada ya kanda kuna kikao kifupi sebuleni kwa mkuu, ambamo unaona vipande tu: Barney anajaribu kamashine fulani, Cinnamon anafungua kimkoba chenye siri, Rollin anaiga sauti ya mtu. Hakuna anayesema vitatumika kwa nini. Kuanzia hapo unaunganisha mwenyewe. Ukienda jikoni kuchukua chai, umepotea.

Kinachofanyika kila wiki ni utapeli, kwa maana kamili ya neno hilo. Mmoja wa waandishi wake bora, William Read Woodfield, aliyeandika na mwenzake Allan Balter, alikuwa mpenzi wa mazingaombwe na alikuwa amesoma vizuri habari za matapeli wakubwa wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20. Hao walikuwa wakifungua ofisi nzima ya uongo ya kamari za farasi, yenye makarani wa uongo, simu za uongo na wateja wa uongo, kwa ajili ya mteja mmoja tu wa kweli. Mteja huyo akitoka hapo hana kitu, na mara nyingi hawezi kwenda polisi, kwa kuwa yeye mwenyewe aliingia akitaka kuiba.

Chukua "Operation Rogosh", iliyorushwa Oktoba 1966. Rogosh ni mtaalamu wa mauaji ya halaiki wa upande wa adui, na ameonekana Los Angeles. Inajulikana ametega kitu. Haijulikani ni nini wala kiko wapi. Kumtesa ni kazi bure, si mtu wa kuvunjika. Basi kikosi kinamgonga kwa gari barabarani na kumbeba akiwa hajitambui. Anapozinduka yuko ndani ya selo ya gereza la nchi yake mwenyewe. Kuta, sare, wafungwa wenzake, vyote ni vya kwao. Anaelezwa kwamba miaka mitatu imepita, kwamba kumbukumbu zake zimepotea, na kwamba anangoja kuuawa kwa kosa la kuisaliti nchi.

Hapo ndipo utamu ulipo. Hakuna anayemuuliza ametega nini wala wapi. Anatuhumiwa kwamba aliiharibu kazi ya Los Angeles kwa makusudi, na njia pekee ya kujiokoa ni kuthibitisha kwamba aliitekeleza vizuri, hatua kwa hatua. Siri inamtoka kama utetezi. Mateso yangempa sababu ya kufunga mdomo. Tuhuma ya usaliti inampa sababu ya kuufungua. Gereza lote, bila shaka, liko palepale Los Angeles, na ni la mbao.

Nyingine ambayo mashabiki huirudia sana ni "The Mind of Stefan Miklos", ya mwanzoni mwa 1969. Safari hii mlengwa si mpumbavu. Ni afisa wa ujasusi mwenye kumbukumbu ya ajabu, asiyesahau chochote alichokiona hata kwa sekunde moja, na kikosi kinatakiwa kumfanya aamini kwamba taarifa za uongo ni za kweli. Ukimpa ushahidi mkubwa ataukataa. Kwa hiyo wanamtegea vijidokezo vidogo mno, ambavyo mtu wa kawaida asingeviona, ili avikusanye mwenyewe na ajisifu kwa kuvigundua. Mwishoni anaondoka akiwa na uhakika kwamba amewashinda Wamarekani, na ni uhakika huo ndio waliokuwa wakiutafuta.

Kwa nini ujasusi ufanywe kitapeli badala ya kumpiga mtu risasi kutoka juu ya paa? Rudi kwa Waziri. Dikteta aliyeuawa kwa risasi ya kigeni ni swali linalotafuta jibu, na uchunguzi utafuata. Dikteta aliyepigwa risasi na majenerali wake baada ya kukutwa, kwa ushahidi unaoonekana, na dhahabu ya taifa kwenye sanduku lake la safari, ni jibu lililokamilika. Hakuna anayetafuta mkono wa mtu mwingine. Sehemu nyingi za tamthilia zinaishia hivyohivyo: adui anaangamizwa na watu wake, na kikosi kinausikia mlio wa risasi kikiwa tayari ndani ya gari. Hakuna cha kukana kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Sentensi ya Waziri ilitoka wapi

Waandishi hawakuibuni. Juni 1948, miaka 18 kabla ya tamthilia, Baraza la Usalama wa Taifa la Marekani lilipitisha waraka unaojulikana kama NSC 10/2, ulioiruhusu serikali kufanya operesheni za siri dhidi ya Urusi na washirika wake. Waraka huo uliweka sharti: operesheni zipangwe na kutekelezwa kwa namna ambayo mkono wa serikali ya Marekani hauonekani kwa asiyehusika, na zikifichuka, serikali iweze kuzikana na ikaaminika. Sharti ni hilo la mwisho. Kuruka kimanga anaweza kila mtu. Kazi ni kuruka kimanga na watu wakakubali.

Watazamaji wa 1966 walikuwa wamekwisha kuiona sera hiyo ikianguka hadharani mara mbili.

Ya kwanza ni Mei 1960. Ndege ya upelelezi ya U-2 ilitunguliwa ndani ya Urusi. Washington ikaamini kwamba rubani hawezi kuwa hai, na ikatangaza kuwa ni ndege ya utafiti wa hali ya hewa iliyopotea njia baada ya rubani kupata matatizo ya hewa ya oksijeni. Khrushchev, kiongozi wa Urusi, aliwaacha waueleze uongo huo mpaka mwisho, kisha tarehe 7 Mei akatangaza kwamba rubani, Francis Gary Powers, yuko hai, yuko mikononi mwao, na amezungumza. Siku chache baadaye Rais Eisenhower akakiri mbele ya waandishi wa habari. Jambo hilo lilikuwa geni: mkuu wa nchi kusema wazi kwamba ndiyo, tulikuwa tunapeleleza. Powers alifungwa, akabadilishwa Februari 1962 na jasusi wa Kirusi, Rudolf Abel, kwenye daraja la Glienicke mjini Berlin.

Ya pili ni Aprili 1961, siku mbili kabla ya uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe nchini Kuba. Ndege za B-26 zilizopakwa rangi na alama za jeshi la anga la Kuba zilipiga viwanja vya ndege vya Castro, na nyingine ikatua Miami, rubani wake akijitambulisha kama mwanajeshi wa Kuba aliyeasi. Hii sasa ni Mission: Impossible tupu: ndege ya bandia, sare ya bandia, hadithi ya bandia. Lakini waandishi wa habari waliitazama pua ya ndege. Za Kuba zilikuwa na pua ya kioo. Hii ilikuwa ya bati. Balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa, Adlai Stevenson, alikuwa amekwisha kuinua picha ya ndege hiyo mbele ya dunia kama ushahidi kwamba nchi yake haihusiki. Hakuwa ameambiwa ukweli. Serikali ilimpiga changa la macho balozi wake kabla ya kumpiga adui.

Ya tatu watazamaji hawakuijua, na ndiyo inayotugusa sisi kwa karibu. Septemba 1960, Kongo ikiwa na miezi mitatu tu ya uhuru, mkemia wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aitwaye Sidney Gottlieb alitua Leopoldville, Kinshasa ya leo, akiwa amebeba sumu, akamkabidhi mkuu wa kituo cha CIA pale, Larry Devlin. Ilikuwa ya kumuua Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. Sumu hiyo haikutumika. Devlin alieleza baadaye kwamba aliitupa mtoni. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, mikononi mwa Wakatanga na maofisa wa Kibelgiji. Kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church, iliyochunguza mambo haya mwaka 1975, haikupata ushahidi kwamba CIA ilihusika moja kwa moja na mauaji yenyewe, lakini mpango wa sumu iliuanika wote.

Ndani ya ripoti hiyo kuna watu wawili ambao ningedhani wametungwa na Geller kama nisingejua mpangilio wa tarehe. CIA iliwatuma Kongo bila kuwaingiza kwenye orodha ya maofisa wake. Mmoja aliitwa kwa jina la siri QJ/WIN, mtu wa Ulaya mwenye historia ya uhalifu. Mwingine, WI/ROGUE, hakuwa na uraia wa nchi yoyote, alikuwa mghushi wa nyaraka na aliwahi kuiba benki. Kabla ya kupelekwa alifanyiwa upasuaji wa kubadilisha sura na kuvishwa nywele za bandia ili Wazungu waliokuwa wakipita Kongo wasimtambue. Watu wa pembeni. Wanaokanika.

Kamati ilipouliza swali la msingi, nani aliamuru, ikagonga ukuta. Kulikuwa na ushahidi wa kutosha kufanya ikisiwe kwamba amri ilitoka kwa Eisenhower mwenyewe, lakini si wa kutosha kulifunga jambo, kwa kuwa wakubwa walikuwa wakizungumza kwa mafumbo. Hilo ndilo pindo la sera hii ambalo tamthilia haikuwahi kuligusa. Kwenye kanda, anayekanwa ni yule wa chini, na amri ni bayana: jina la mlengwa, picha yake, kazi, muda. Kwenye serikali halisi, kukana kulipanda ngazi mpaka juu, na amri zikalegezwa maneno kiasi kwamba hata waliozipokea hawakuwa na hakika wameamriwa nini. Sauti ya kwenye kinasa, ukiifikiria, ni ya kiungwana kuliko ofisi iliyoigwa. Na ni Waziri gani, wa Mambo ya Nje, wa Ulinzi? Misimu saba, haikusemwa.

Nchi zisizo na ramani

Sababu ya studio kubuni nchi inaeleweka: hutaki ubalozi ulalamike, na mitaa ileile ya mbao inaweza kuwa Ulaya Mashariki wiki hii na Amerika Kusini wiki ijayo. Hata maandishi ya ukutani yalikuwa ya lugha ya kubuni, mchanganyiko wa Kijerumani na Kislavi uliopindwa ili Mmarekani ausome bila kufundishwa: "Zona Restrik" mlangoni, "Gaz" kwenye tangi. Ndani ya hadithi pia inafaa. Operesheni isiyokuwepo ilifanyika katika nchi isiyokuwepo.

Afrika nayo ilibuniwa. Katika "The Diamond", ya mapema 1967, mlowezi mzungu ameiteka nchi iitwayo Lombuanda na kujifanya mkuu wake, na kikosi kinamtapeli kwa mashine inayodaiwa kutengeneza almasi. Ian Smith alikuwa ametangaza uhuru wake wa upande mmoja kule Rhodesia Novemba 1965. Siamini kama kuna mtazamaji aliyekosa kuunganisha. Mwaka 1971 ikaja "Kitara", kuhusu nchi ya Afrika Magharibi inayotawaliwa kwa ubaguzi wa rangi, ambamo gavana mbaguzi anaaminishwa kwamba ana damu ya mtu mweusi na ngozi yake inaanza kubadilika. Jina hilo litamshtua msomaji kutoka Uganda, maana Kitara ni dola ya kale ya kwao, kule Bunyoro, wala haiko Magharibi. Ni sehemu ya ajabu, yenye ujasiri na yenye kukwaza kwa pamoja: adhabu ya mbaguzi ni kugeuzwa mweusi, na mweusi hakuulizwa maoni yake kuhusu kuwa adhabu.

Hapo inabidi kumsema Greg Morris, aliyemwigiza Barney. Mwaka 1966 mtu mweusi kwenye televisheni ya Marekani akiwa ndiye mwenye akili ya mitambo, mwenye kampuni yake, asiyechekesha na asiyetumwa, lilikuwa jambo kubwa. Ila ukitazama sehemu nyingi mfululizo utaona anatumia muda mrefu ndani ya mabomba, masanduku na mahandaki. Katika nchi za kubuni za Ulaya Mashariki asingeweza kupita mtaani kama mwenyeji, basi waandishi wakampitisha chini. Pamoja na hayo yeye na Peter Lupus, aliyekuwa Willy, ndio pekee waliokuwemo kuanzia msimu wa kwanza hadi wa mwisho.

Wengine walikuja na kuondoka kwa sababu za dunia hii. Steven Hill, aliyekuwa mkuu wa kwanza kwa jina la Dan Briggs, alikuwa Myahudi mshika dini aliyelazimika kuondoka studio Ijumaa kabla ya jua kuzama. Ratiba haikuvumilia, na msimu wa pili Peter Graves akaketi kwenye lile kochi kama Jim Phelps. Martin Landau, aliyekuwa Rollin, na mkewe Barbara Bain, aliyetwaa tuzo ya Emmy miaka mitatu mfululizo kwa kumwigiza Cinnamon, walijitoa baada ya msimu wa tatu kwa mgogoro wa malipo. Leonard Nimoy, mwigizaji wa Star Trek, tamthilia hiyo ikiwa imefutwa, akaingia kwa misimu miwili. Hakuna hata mmoja aliyeagwa kwenye skrini.

Sentensi inapopoteza kazi

Misimu ya mwisho ndiyo dhaifu, na naona sababu ni hiyohiyo. Vita vya Vietnam vilikuwa vimewachosha Wamarekani na habari za kupindua serikali za watu, na safari za nje za kubuni zilikuwa ghali. Kikosi kikarudishwa nyumbani kupambana na genge la wahalifu wa mijini. Utapeli ulibaki mzuri hapa na pale. Lakini kwa nini Waziri amkane mtu aliyemkamata muuza dawa za kulevya wa Marekani ndani ya Marekani? Kwa sheria ya 1947 iliyoiunda, CIA haikuruhusiwa hata kuwa na mamlaka ya kipolisi. Hatari ya kukanwa ikawa mapambo, na ilipokuwa mapambo, hofu ikaondoka.

Mwaka mmoja na miezi baada ya tamthilia kufungwa, Desemba 1974, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya Hughes-Ryan: hakuna operesheni ya siri ya CIA nje ya nchi bila Rais mwenyewe kuamua kwamba ni muhimu kwa usalama wa taifa, na kamati za Bunge zijulishwe. Februari 1976 Rais Ford akapiga marufuku mauaji ya kisiasa. Baadaye, mwaka 1991, sheria ikataka uamuzi wa Rais uwe kwa maandishi. Nchi nyingine bado inaweza kudanganywa. Lakini ndani, lazima pawe na karatasi yenye jina la mtu. Hata hivyo kituo cha ABC kilipoifufua tamthilia mwaka 1988, ikipigwa Australia na ikianza kwa kutumia miswada ya zamani kwa sababu waandishi wa Marekani walikuwa wamegoma, kanda ilibadilishwa kuwa kidisiki, na Waziri akaendelea kukana kama vile Bunge halijakaa.

Filamu ya 1996 ikafanya kinyume: ikamgeuza Jim Phelps kuwa msaliti. Peter Graves aliikataa nafasi hiyo, ikachukuliwa na Jon Voight. Sizichukii filamu hizo, ila zimejengwa juu ya mtu mmoja mwenye jina na uchungu wake, na mtu wa namna hiyo hakaniki, hata Waziri akijitahidi.

Kwa anayetaka kuanza, aanzie msimu wa pili na wa tatu, wakati Graves, Landau, Bain, Morris na Lupus wako pamoja, kisha arudi kwenye "Rogosh" ya msimu wa kwanza. "Stefan Miklos" aiache mpaka awe ameshazoea kutoelezwa. Sura za bandia za Rollin asizicheke haraka: Jonna Mendez, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha CIA cha kujibadilisha sura, amesimulia jinsi alivyoingia kwenye ofisi ya Rais George H. W. Bush akiwa amevaa sura ya mtu mwingine, akazungumza naye, kisha akaivua mbele yake. Msimu wa sita na wa saba uwe wa siku za mvua.